Hesabu ngumu za chuo ziko kisimani kwetu

Muulize mwanafunzi wa uhandisi aliyepita somo la milinganyo ya difarensho maana ya masharti ya mpakani. Atakuandikia fasta: x ni sifuri hapa, x ni L pale. Muulize hiyo L ni nini duniani. Kimya.

Haya, teremka nami kutoka Kikoneni hadi Msambweni. Upande wa bara kuna Shimba Hills, mvua inanyesha na maji yanazama ardhini. Upande wa pili kuna bahari, na bahari haijali una pampu ngapi. Pale ufukweni ndiyo inayoamua kimo cha maji ya ardhini. Hiyo ndiyo mipaka miwili, na L ni umbali ulio kati yake. Hapo katikati ndipo visima vyetu vilipo. Mlinganyo wenyewe unasema jambo ambalo nyanya yangu analijua bila kalkulasi: kinachoingia, ukitoa kinachochotwa, ndicho kinachobaki. Lakini peke yake una majibu chungu nzima. Mipaka ndiyo huchagua moja.

Na jibu hilo lina chumvi. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna takriban mita 40 za maji matamu. Vuta hadi kimo kishuke nusu mita, na muda ukipita chumvi itapanda kama mita 20. Mita 20, jamani! Mwambie hivyo kijana wa Diani uone kama atasinzia darasani.

Kinachoniudhi ni kwamba watafiti wa Oxford, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuja Kwale hii hii wakafunga vifaa kwenye mikono ya pampu zetu ili kusoma maji ya ardhini. Sisi darasani tulipewa nondo ya chuma inayopashwa moto, nondo ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Najua, wahadhiri watasema silabasi ni ndefu. Sawa, nondo ibaki. Ila mimi niliyeacha chuo ningewapa CAT ya kwanza hivi: kamba, jiwe na kisima cha mtaani. Pima kimo cha maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kisha chora mstari hadi baharini.