Milango ya Ruta ya Nyumbani
Ruta ya nyumbani huzuia mawasiliano yanayoanzia nje, kwa hiyo mwenye nyumba ya Shangani, Mtwara, aliye safarini Dar es Salaam hawezi kuifikia moja kwa moja kamera yake ya ulinzi mpaka ruta ielekezwe kuyapitisha mawasiliano hayo hadi kwenye kamera. Kwanza kamera hupewa anwani ya kudumu ndani ya nyumba, mfano 192.168.1.50, maana ikibadilika maelekezo yatapotea. Kisha, kwenye mipangilio ya ruta, huandikwa namba ya mlango (port) wa nje, anwani ya kamera, mlango wake wa ndani, kama 554 unaotumiwa na video, na itifaki, TCP au UDP. Kwa njia hii mlango hubaki wazi usiku na mchana. Njia ya pili ni mlango wa muda: kifaa cha ndani kikituma data kupitia mlango uliotajwa, ruta hukifungulia mlango wa kupokelea, kisha huufunga kikinyamaza. Hufaa baadhi ya michezo ya mtandaoni, si kamera inayosubiri kuitwa. Wenye ruta za laini ya simu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, wakague kwanza anwani ya nje iliyoonyeshwa na ruta. Ikianza na “10.” (kumi na nukta), au ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, anwani ya umma inatumiwa na wateja wengi pamoja, na mipangilio hiyo haitafanya kazi mpaka kampuni iwape anwani yao ya umma. Mlango ulio wazi pia una hatari yake: mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani. Nywila ibadilishwe kabla ya kufungua mlango wowote, na mlango usiohitajika tena ufungwe.