Sera kwa Kiingereza, Vijembe kwa Kiswahili

Wakenya hawana uhaba wa siasa. Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, mabishano hutawala katika matatu, vinyozini, sokoni na mabwenini, na mara nyingine hata mhadhara wa isimu huishia kuwa mhadhara wa kura. Kinachostahili kuulizwa si kwa nini watu wanabishana. Ubishi ni uhai wa demokrasia, na taifa lisilobishana aghalabu huwa limenyamazishwa. Swali ni hili: wanabishana kuhusu nini, na kwa lugha ipi?

Yeyote atakayezichunguza kampeni za Kenya atagundua kwamba lugha zimegawiwa kazi. Sera huandikwa, huzinduliwa na kuhojiwa kwa Kiingereza, katika kumbi za mikutano jijini Nairobi. Kiswahili husubiri jukwaani, chini ya jua kali, na kazi yake huko ni kuchekesha, kukejeli na kumpaka mpinzani matope. Hivyo mpiga kura anayekitegemea Kiswahili hupewa sura ya mgombea, kibwagizo chake na tusi alilomtupia mwenzake, ila hapewi hesabu ya ahadi. Anapobishana juu ya watu badala ya mipango, hulaumiwa kwamba hajaelimika, ilhali anabishana juu ya kile alichopewa.

Mfano wa midahalo ya urais unatosha. Mdahalo wa kwanza wa aina hiyo nchini ulifanyika Februari 2013, ukawakutanisha wagombea wanane, na uliendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Mwaka 2017 Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu, alisimama peke yake jukwaani baada ya Uhuru Kenyatta kukosa kufika. Mwaka 2022 mambo yaligeuka: Raila alisusia, William Ruto akahojiwa peke yake. Basi mahali ambapo sera zingepambanishwa mgombea kwa mgombea, mara mbili mfululizo palikuwa na upande mmoja tu, na upande huo ukazungumza zaidi kwa lugha ambayo wapiga kura wengi hawaitumii wanapopanga maisha yao.

Si kwamba sera hazikuwapo. Katika kampeni za 2022, muungano wa Azimio uliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini. Muungano wa Kenya Kwanza nao uliahidi mfuko wa shilingi bilioni 50 kila mwaka wa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo. Hizi ni ahadi mbili zenye falsafa tofauti kabisa. Moja inasema kwamba maskini apewe, nyingine inasema kwamba akopeshwe. Mjadala uliofaa ulikuwa hapo: fedha zitatoka wapi, ni nani atakayestahiki, na mkopo usiolipwa utakuwaje? Jukwaani, hata hivyo, mjadala uligeuka kuwa wa mahasla dhidi ya nasaba za watawala, wa wilbaro na anayeidharau wilbaro. Maneno hayo yalikuwa na mvuto, na hapana shaka yaligusa uchungu wa kweli wa tabaka. Lakini yalimpa msikilizaji kambi ya kuingia bila kumpa swali la kuuliza.

Hatari ya neno la kisiasa lisilofafanuliwa inadhihirika zaidi katika historia ya neno majimbo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na mfumo wa majimbo uliopiganiwa na chama cha KADU, nao ukafutwa Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964. Neno hilo liliporejea katika miaka ya 1990 lilihusishwa na kufurushwa kwa watu kutoka maeneo waliyoitwa wageni. Katika kampeni za 2007, ODM ilipoahidi kugatua mamlaka, neno hilohilo lilisikika kwa maana mbili zinazopingana. Kwa wengine lilikuwa mgao wa haki wa rasilimali, kwa wengine tishio la kuhamishwa. Wanasiasa wa pande zote walifaidika na utata huo, kila mmoja akiuacha umma usikie alichotaka usikie. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007 zilikuwa na sababu nyingi, kuanzia ardhi hadi imani iliyopotea kwa tume ya uchaguzi, na haitakuwa haki kulitwika neno moja vifo vya watu zaidi ya 1,100. Hata hivyo, neno lililoachwa bila maana thabiti lilikuwa kuni tayari.

Miaka mitatu baadaye, Katiba ya 2010 ilianzisha kaunti 47, na wazo la kugawa mamlaka likazoeleka kwa jina la ugatuzi. Wananchi walilijadili kwa utulivu mkubwa zaidi, kwa kuwa safari hii neno liliambatana na maelezo: gavana ni nani, bunge la kaunti lina kazi gani, fedha zinagawanywa vipi. Istilahi iliyofafanuliwa ilifanya kazi ambayo istilahi iliyopakwa hofu haikuweza kuifanya.

Wapo watakaosema kwamba kubishana juu ya viongozi badala ya sera si ujinga hata kidogo, na hoja yao ina uzito. Vyama vya Kenya ni kama vibanda vya msimu. NARC iliyoingia madarakani mwaka 2002 ilikuwa imesambaratika kufikia kura ya maamuzi ya 2005. PNU iliundwa miezi mitatu hivi kabla ya uchaguzi wa 2007. UDA haikuwapo kwa jina hilo kwenye karatasi ya kura ya 2017. Raila Odinga aliwania urais mara tano, chini ya mabango ya NDP, ODM, CORD, NASA na Azimio. Katika mazingira kama hayo, mtu ndiye kitu cha pekee kinachodumu, na mpiga kura anayeuliza tabia ya mgombea anaihoji rekodi iliyopo kuliko manifesto itakayotupwa. Hilo ni kweli. Lakini kuihoji rekodi ya mtu ni tofauti na kuihoji nasaba yake, kabila lake au umbo lake. Rekodi ni sera iliyokwisha kutendwa: barabara, sheria, deni, kura aliyoipiga bungeni. Yote hayo yanahitaji lugha ya kuyapima, na ndiyo lugha inayokosekana jukwaani.

Serikali imejaribu njia nyingine, ile ya kukataza. Mnamo Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilichapisha orodha ya maneno iliyoyataja kuwa ya chuki. Madoadoa lilikuwamo, na historia yake katika ghasia za Bonde la Ufa inaeleza sababu. Hatupangwingwi nalo lilikuwamo, neno la mtaani ambalo wafuasi wa upande mmoja walilitumia kusema kwamba hawapangiwi na mtu. Orodha kama hiyo inaweza kuzuia moto, ila haiwezi kupika chakula. Neno moja likipigwa marufuku, mitaa huzaa jingine kabla jua halijatua. Tiba ya lugha mbovu ni lugha bora iliyo karibu na mtu, tena inayomfaa katika kubishana kwake.

Kwamba jambo hili linawezekana, vijana walilithibitisha mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipoletwa bungeni, vifungu vyake vilifasiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya, vikaelezwa kwa video fupi na kusambazwa kwa simu. Ghafla watu walikuwa wakibishana juu ya kodi ya mkate na ushuru wa magari, si juu ya kabila la waziri. Yaliyotokea Juni 25, 2024 yaligharimu maisha, na gharama hiyo haipaswi kupambwa. Hata hivyo, siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi. Wananchi walipoisoma sera kwa lugha zao, hawakushindwa kuielewa, wala hawakuhitaji kiongozi wa kuwaambia wachukie nini.

Fauka ya hayo, Kiswahili hakiuanzi leo ubishi wa kisiasa wenye adabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi wakati miji yao ilipokuwa mahasimu, mwanzoni mwa karne ya 19. Maneno yao yalikuwa makali, na vita vilikuwa vya kweli. Lakini malumbano yana sheria: anayejibu hulipokea jambo lilelile lililosemwa na kulijibu, aghalabu kwa bahari ileile. Asiyejibu alichoulizwa huhesabiwa kuwa ameshindwa, hata awe na sauti nzuri kiasi gani. Kijembe hakihitaji jibu. Kinahitaji kicheko tu. Kampeni za leo zimerithi kijembe na kuyatupa malumbano.

Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Urasmi huo utabaki wa karatasi iwapo wasomi wa Kiswahili wataishia kuchambua uongozi dhalimu katika tamthilia zilizotahiniwa, kisha waache manifesto za vyama zisomwe na wanauchumi peke yao. Uchaguzi mkuu ujao ni wa Agosti 2027. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wafasiri, wanaisimu na washairi. Vinaweza kuzifasiri manifesto za miungano yote mikuu, bila kupendelea, katika Kiswahili kinachosomeka na muuza mboga. Vinaweza kuandaa midahalo ya wagombea ubunge na udiwani kwa Kiswahili katika maeneo vyuo vilipo, chini ya sheria ya malumbano: jibu ulichoulizwa. Vinaweza pia kuchapisha faharasa ndogo ya maneno ya bajeti, ili nakisi, ruzuku na dhamana ya serikali yaache kuwa mazimwi.

Kazi hiyo haitaondoa kabila katika siasa, wala haitamfanya kila mgombea awe mkweli. Itamwondolea tu kisingizio. Mgombea atakayekwepa kuulizwa kwa Kiingereza katika ukumbi wa Nairobi atakuta swali lilelile linamngoja sokoni Kongowea na Gikomba, kwa lugha aliyodhani ni ya kuchekeshea.