Neno 'Sorry' na Mstari Ubaoni



Mwalimu mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Miongoni mwa barua za rambirambi alizoletewa ilikuwamo moja ya kijana aliyesoma Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Uganda, akafaulu vizuri. Barua ilianza hivi: "Samahani kwa kifo cha mama yako." Mfiwa aliisoma, akaikunja, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: "Kijana huyu alimfanya nini mama yangu?"

Hatukucheka. Tulijua mara moja kosa lilikotoka. Kijana alikuwa ameifikiri barua yake kwa Kiingereza, lugha ambayo ndani yake mtu humwambia mfiwa 'I am sorry'. Kisha akaiendea orodha ya msamiati aliyonakili darasani, ambamo 'sorry' imeandikwa upande wa kushoto na "samahani" upande wa kulia, na baina yao mstari mmoja. Mstari huo ndio tunaoushitaki leo.

Orodha za namna hii zimeenea mno. Mwalimu huandika ubaoni maneno ishirini ya Kiingereza na ishirini ya Kiswahili, wanafunzi hunakili, hukariri usiku, na asubuhi huulizwa. Ajibuye haraka husifiwa. Tumeambiwa mara nyingi kwamba njia hii huokoa wakati. La hasha! Wakati unaookolewa darasani hulipwa nje ya darasa, na mara nyingi anayelipa si mwalimu aliyeuokoa.

Hebu na tulitazame neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa 'sarig', nalo lilitokana na 'sar', yaani maumivu au kidonda. Ndugu yake wa damu aliye hai hadi leo ni 'sore'. Watu wengi, na walimu wa Kiingereza wakiwamo, hudhani kuwa limezaliwa na 'sorrow'. Kumbe hayo ni maneno mawili ya asili tofauti ambayo ujirani wa muda mrefu umeyafananisha. Basi tangu mwanzo 'sorry' ni neno la mtu ambaye moyo wake unauma. Kwamba unauma kwa sababu amekosa, hiyo ni habari nyingine. Na desturi ya kulitamka peke yake, neno moja tu, kuomba msamaha, ni ya karne za karibuni.

Kutokana na shina hilo yamechipuka matawi mengi. Mtu akisema 'I am sorry to hear it', anatoa pole. Akisema 'I am sorry I broke it', anaomba radhi. Akisema 'Sorry?' huku sauti ikipanda, hapana kosa wala msiba: hakusikia tu, nasi hapo husema "Naam?" au "Umesemaje?" Akikuambia 'You will be sorry', jihadhari, maana anakutisha kwamba utajuta. Tena neno hili likitangulia nomino hugeuka kabisa. 'The man is sorry' ni mtu anayejuta au anayesikitika. Lakini 'a sorry sight' ni jambo duni, la kutia huruma au hata dharau, na hapana anayemwomba mwenzake chochote. Tumewahi kuona katika daftari la mwanafunzi maneno "nyumba katika hali ya samahani". Mwalimu alikuwa amepiga alama nyekundu juu yake, bila neno hata moja la maelezo. Angeeleza nini, naye ndiye aliyechora ule mstari?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwafundisha wanafunzi vile vijineno vinavyofuata, 'for' na 'about'. Navyo havitoshi. 'I am sorry for you' ni huruma. 'I am sorry for what I did' ni majuto. Kijineno ni kile kile. Hapana njia ila kuisoma sentensi nzima, na kujua nani anasema na nani, na baada ya jambo gani.

Sasa tuigeukie lugha yetu. Kiswahili kimeyatenganisha mambo haya kwa uangalifu ambao mara nyingine sisi tunaokifundisha hatuuoni. Aliyejikwaa, aliyechoka, mgonjwa, msafiri aliyewasili na mfiwa, wote huambiwa "pole", na wakiwa wengi "poleni". Nao hujibu "Asante" au "Nimeshapoa". Pole haiulizi nani mkosaji. Kwa mfiwa, watu wa pwani wana pia neno "makiwa", lililo lake peke yake. Aliyekosa husema "samahani", "kumradhi", "niwie radhi", na kila moja lina mahali pake. Hata anayetaka kutamka neno zito mbele ya wakubwa hutanguliza "ashakum si matusi". Haya si mapambo.

Wala si Waswahili tu. Mtoto wa Kiganda humpa mfiwa 'kitalo', na anapomkosea mtu husema 'nsonyiwa'. Hakuna Muganda awezaye kuyachanganya hayo mawili. Jirani zetu wa Rwanda humwambia mwenye majonzi 'ihangane', yaani vumilia, na mwenye kuomba msamaha husema 'mbabarira'. Basi mwanafunzi wetu huingia darasani akiwa tayari na tofauti hiyo kinywani mwake, aliyopewa na bibi yake bila ubao wala chaki. Ni sisi tunaomnyang'anya.

Na tunamnyang'anya mara mbili. Mtoto akiona mwenzake ameanguka uwanjani, hupaza sauti: "Sorry!" Wapo walimu wa Kiingereza wanaomkemea: "Wewe umemwangusha? Kwa nini uombe msamaha?" Wapo na wengine wanaomcheka kwamba anasema Kiingereza cha kienyeji. Sisi hatumkosoi mtoto huyu; twamkosoa mwalimu. Mtoto amechukua neno la Kiingereza akalipa kazi ya "pole", kama wafanyavyo mamilioni ya watu wa Afrika ya Mashariki, na wa Afrika ya Magharibi pia, na maana aliyoishika haiko mbali na ile ya zamani ya neno hilo. Anachostahili kuambiwa ni hiki tu: kwamba Mwingereza wa London akiambiwa hivyo baada ya kujikwaa mwenyewe, huenda akajibu kwa mshangao kwamba si kosa lako. Aijue tofauti hiyo, kisha achague. (Vivyo hivyo hapa kwetu mtu akipita shambani huwaambia wanaolima 'well done', kwa kuwa moyoni anasema 'gyebale'. Mgeni hudhani anatolewa maksi.)

Yupo atakayesema kwamba tunakuza jambo dogo. Basi atazame mambo ya serikali. Katika Australia, kwa miaka mingi, ugomvi wa taifa zima ulikuwa juu ya neno hili moja. Watoto wa wenyeji wa asili walikuwa wamechukuliwa kutoka kwa wazazi wao kwa nguvu za sheria. Mwaka 1999 Waziri Mkuu John Howard alikubali Bunge litamke masikitiko, 'regret', lakini akakataa katakata kuomba radhi kwa niaba ya taifa, kwa hoja kwamba kizazi cha leo hakibebi lawama ya kizazi kilichopita. Ilibidi kungoja hadi tarehe 13 Februari 2008, Kevin Rudd aliposimama bungeni akasema 'sorry', na watu wakalia. Wote wawili walijua vema tawi la pole liko wapi, na tawi la radhi liko wapi.

Karibu na kwetu zaidi, mwezi Juni 1913 haikuwa, ni juzi tu, Juni 2013, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alitangaza bungeni malipo kwa Wakenya zaidi ya 5,000 waliotendewa ukatili wakati wa vita vya Mau Mau. Alitumia neno la kusikitika, na papo hapo akaendelea kukana kwamba serikali yake ina dhima mbele ya sheria. Mfalme Charles naye, alipokuwa Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023, alizungumzia huzuni na masikitiko, huku wapo Wakenya waliokuwa wakidai radhi kamili. Mfasiri aliyelelewa kwa orodha ataandika "ameomba msamaha", na kwa mstari mmoja atakuwa amewapa wazee wale kitu ambacho hawakupewa.

Tusizilaumu kamusi. Ile ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson, na ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996, zilitungwa na watu waliojua kwamba neno moja huhitaji visawe kadha wa kadha. Aliye mvivu ni yule achukuaye kisawe cha kwanza, akafunga kitabu.

Twasemea hili sasa kwa sababu maalum. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, haja ya vitabu imekuwa kubwa kuliko vitabu vyenyewe. Hapo ndipo vijitabu vya orodha hustawi, kwa kuwa ni rahisi kutunga na rahisi kuuza. Twawasihi wenzetu wasivipeleke darasani. Yatosha neno moja kwa kipindi: liandikwe katika sentensi tatu au nne, mwanafunzi aulizwe nani anasema, kumetokea nini, na mwenzake atajibuje; kisha aulizwe kwao husemwaje. Darasa lenye wanafunzi themanini laweza kufanya hivyo, maana majibu yatatoka kwa wanafunzi wenyewe.

Ama kijana wa ile barua, hadi leo hajaambiwa. Tulitaka kumwandikia, mfiwa akakataa. Alisema kijana alikuwa na nia njema, na kwamba wa kuambiwa ni yule aliyemfundisha. Huyo ni mwanachama wa chama chetu, na jarida hili hulipata kila litokapo.