Aliyeomba Cheo Asiseme Alitumwa



Kufutwa kwa Kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 kulituletea wingi wa vyama. Hakukutuletea wingi wa dhamiri. Uchaguzi Mkuu wa 2027 unapokaribia, wanaotaka vyeo watabisha hodi hapa Kihoto, mtaa ambao jina lake kwa Kikuyu lina maana ya haki. Kabla hatujawafungulia, na tukumbuke Maela.

Maela si mbali na hapa Naivasha. Watu waliofukuzwa Enoosupukia Oktoba 1993 walikimbilia huko. Desemba 1994, Krismasi ikikaribia, kambi yao ilivunjwa usiku, wakapakiwa kwenye malori na kwenda kutupwa Mkoa wa Kati. Dhuluma kama hiyo haikosi kisingizio: amri ilitoka juu.

Sisi twakikataa kisingizio hicho. Mtoto aliyetumwa kisimani halaumiwi kwa kupewa mtungi uliotoboka. Lakini mtu aliyeandika barua ya kuomba kazi, akatafuta wa kumsemea, akaapa, na kupokea mshahara kila mwezi, huyo hakutumwa, alijipeleka. Aliyeomba mamlaka ameomba na lawama yake. Mlango alioingilia bila kusukumwa ndio ule ule angeweza kutokea kwa kujiuzulu.

Wana wa Zebedayo walipotaka viti vya kuume na kushoto, waliulizwa kwanza kama wataweza kukinywea kikombe. Mbona sisi, makanisani mwetu, twauliza kwanza mgombea ameleta kiasi gani cha harambee?

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 73, yasema kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni dhamana, na kwamba amepewa jukumu la kuwatumikia wananchi, si uwezo wa kuwatawala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maji ya Ziwa Naivasha yaliingia majumbani hapa Kihoto mwaka 2020, yakarudi 2025. Waliohama makwao wamo mikononi mwa wenye vyeo, kama walivyokuwa wale wa Maela. Basi kila mwomba kura na apelekwe kwanza ukingoni mwa maji, aulizwe mbele ya watu: ukiamriwa kuwadhulumu hawa, utajiuzulu au utatii? Asiye na jibu asipewe kura, wala asipewe kipaza sauti madhabahuni.