MSHAHARA USILIWE KABLA YA KUFIKA



Siku zote twadai nyongeza ya mshahara, na dai hilo ni la haki. Lakini yako maswali mawili: Tajiri atupa nini? Na kile atupacho chaenda wapi? Leo twasema juu ya la pili.

Sisi watu wa reli twajua kwamba njia yetu ilifika Kitale mwaka 1926, ikakoma hapo. Kutoka huko mpaka Lodwar, na mbele mpaka Kakuma, sukari na soda husafiri kwa lori, na gharama ya safari hulipwa na mnunuzi. Kwa hiyo mfanyakazi wa Turkana yampasa kufikiri zaidi kabla ya kutoa shilingi yake.

Hatusemi mtu asinywe soda. Jua la Lodwar twalijua, na aliyeshinda akipakua magunia halaumiwi kwa chupa moja. Ubaya ni kununua bila kukusudia. Soda, vocha ndogo na sigara zikifika shilingi 100 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600, na kwa mwaka ni shilingi 31,200. Hesabu mwenyewe hizo ni mbuzi wangapi.

Ubaya huzidi pale kitu kidogo kinapoandikwa katika daftari la duka, kwa maana mwenye deni hachagui duka wala hapatani bei. Huko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, posho ya chakula ilianza kutolewa kwa simu mwaka 2015 kwa mpango wa Bamba Chakula. Wako waliokopa dukani hata wakaacha laini au kadi zao kwa mwenye duka ziwe rehani. Tusiwacheke, njaa haingoji. Na sisi wenye mshahara je? Fuliza ilianza mwaka 2019, na anayeitumia akiingiziwa fedha, simu hukata deni lake kwanza.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Lakini kifungu hicho hakimgusi mwenye daftari. Hapo mlinzi ni wewe mwenyewe.

Basi twashauri haya:

1. Siku ya mshahara gawa fedha kwanza: chakula, karo, akiba, na fungu la vitu vidogo. Fungu hilo likiisha, limekwisha.

2. Uwe na daftari lako mwenyewe, uandike kila shilingi kwa mwezi mmoja.

3. Watu watano au sita wachange, wanunue gunia la sukari, wagawane. Robo kilo ndiyo sukari ghali kuliko zote.

4. Namba yako ya siri asiijue mtu.

Ndugu, jambo hili si la nyumbani tu. Mwenye deni kila mahali hawezi kusimama siku ya madai. Akiletewa mkataba mbovu atatia sahihi, kwa kuwa daftari la duka lamngoja. Mwenye akiba ya mwezi mmoja aweza kusema hapana.

Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukimaliza. Katika mkutano ujao wa tawi, kila mtu aje na daftari lake.