Mkono wa Babu



Mama mmoja wa Ngokolo, Shinyanga, ameniuliza jambo ambalo wengi wenu mtalielewa. Baba mkwe wake alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Amerudi nyumbani, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameagiza mkono ule ufanyishwe mazoezi kila siku. Mume yuko machimboni Geita. "Nitamshikaje baba mkwe mkono?" anauliza. "Sisi Wasukuma mkwe humkaribii hivyo."

Mama, aibu yako ni heshima, sikulaumu. Ila mkono usipotumika hukakamaa, na ukishakakamaa kuurudisha ni kazi kubwa.

Mazoezi hayo yana asili yake. Miaka ya 1940 huko Marekani, daktari Herman Kabat na mtaalamu wa viungo Margaret Knott waliwahudumia watu waliopooza. Walitambua kwamba mwili wetu hausogei kwa mstari ulionyooka. Husogea kwa mshazari, huku kiungo kikijizungusha. Jitazame unapotupia khanga begani: mkono wa kulia hutoka chini penye nyonga, hupanda ukivuka kifua hadi bega la kushoto, na kiganja hugeuka njiani. Knott na mwenzake Dorothy Voss walichapisha kitabu juu ya njia hiyo mwaka 1956.

Mtaalamu huanza kwa kuupeleka mkono mwenyewe, mgonjwa akiwa ametulia na kuutazama kwa macho. Kisha mgonjwa husaidia kidogo, halafu zaidi. Mwishoni mtaalamu huuzuia mkono kidogo, maana msuli unaopata kizuizi cha kiasi huamka. Sauti nayo ni dawa: amri fupi, "Vuta!" au "Sukuma!" (Babu wa Kisukuma hatakosa kucheka hapo.)

Sasa, nani amshike? Mjukuu! Babu na mjukuu ni watani, hakuna mwiko kati yao. Kijana wako aende na babu siku ya kliniki, aoneshwe kwa vitendo, naye afanye mbele ya mtaalamu kabla ya kufanya nyumbani. Kizuizi asiweke mpaka aruhusiwe.

Mwonye kijana asimwinue babu kwa kuuvuta mkono uliolegea, wala kwa kumshika kwapani. Bega lililolegea hutoka mahali pake upesi, na maumivu yake hukaa muda mrefu. Babu asibane pumzi anapojitahidi, kwani shinikizo la damu hupanda. Akiumia, waache. Na dawa za shinikizo asiache kwa sababu eti mkono umepata nafuu, kiharusi hurudi.

Nawe mama, kazi yako ipo, isiyovunja heshima yoyote. Unapomwandalia, weka kikombe cha maji upande ule uliolegea, mahali atakapokiona. Usimharakishe. Mwache ageuke mwenyewe akitafute.