Mizani ya mwili haipimi malaria

Amani, wilayani Muheza, ni nchi ya iliki, mdalasini na pilipili manga, viungo ambavyo wazee wa pwani husema vina hari, vinaondoa baridi mwilini. Ayurveda ya India haiko mbali na hapo. Inafundisha kwamba mwili una nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na afya ni nguvu hizo kwenda sawa, kwa kula na kulala kwa kiasi.

Sina ugomvi na hilo. Anayekula kwa wakati na kulala vya kutosha anajisaidia. Ugomvi wangu huanza mtoto anapochemka usiku, mama akaambiwa ni baridi imemwingia, ampe chai ya tangawizi mpaka itoke. Hata mkwinini, ambao Wajerumani waliupanda huko huko Amani kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902, hutibu malaria kwa dozi inayojulikana, si kwa kukisia.

Chai apewe, lakini asubuhi isipite hajafika zahanati. Akizidiwa usiku, degedege au kushindwa kunyonya, msisubiri kuche. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi.